Kofia ya Rubani wa Base Camp

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimekuwa mvumbuzi. Naandika haraka kabla umeme haujakatika.

Habari yenyewe ni hii. Juzi alipita hapa Base Camp, katika kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, Bwana Rwakabuba, mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta kule Kakoba, Mbarara. Alikuwa anatafuta skrini kuukuu za kununua. Nikamwambia mimi ni technicien, kule kwetu Uvira nilitengeneza redio za mtaa mzima. Akaniangalia viatu. Akasema mafundi wa maneno anao wa kutosha, anamtaka mtu mwenye kitu ambacho Mbarara haijakiona. Nikamjibu palepale kwamba ninacho. Sikuwa nacho. Akasema nikipeleke tarehe kumi na moja, na kikifanya kazi atanichukua niwe fundi wake.

Fundi! Hapa Nakivale mimi sina jina. Mimi ni bwana ya Madeleine. Madeleine ana kioski cha fotokopi na picha za pasipoti, na anajulikana mpaka kwa wapita njia. Watu wakinikuta mlangoni wananiuliza kama kuna mtu. Nimechoka.

Basi kitu chenyewe nimekipata. Ni kofia ya kurushia ndege! Katika ule mchezo wa ndege wa kwenye kompyuta ya kioski, ukitaka kuchungulia dirisha la pembeni unabonyeza vitufe mpaka vidole vinakufa ganzi. Kwa kofia yangu unageuza kichwa tu, na rubani ndani ya kompyuta anageuza chake. Nimeshona taa ndogo tatu kwenye kofia, moja kushoto, moja kulia, moja kwenye ukingo wa mbele. Nimezitoa kwenye rimoti zilizokufa. Mwanga wake jicho halioni, ila kamera inauona. Kamera ikiona taa zimesogea, kompyuta inajua kichwa kimeelekea wapi. Programu yake ni ya bure.

Kamera ni ya Madeleine, ya picha za pasipoti. Ndani ina kioo kidogo kinachozuia mwanga wa namna hiyo. Nimekitoa kwa wembe wakati yeye yuko sokoni. Kioo nimekihifadhi vizuri ndani ya kifuniko cha Vaseline. Halafu mbele ya kamera panatakiwa kitu cheusi cha kuzuia mwanga wa kawaida, na kitu hicho ni ile ncha iliyoungua ya filamu za zamani. Nimekata ncha ya filamu ya harusi yetu. Haina picha, nimeikagua. Nilipoikagua tena nikaona mkono wa shangazi yake. Mkono tu.

Jaribio la kwanza: nikigeuka kushoto, rubani anageuka kulia. Nikiinua kichwa, anaangalia suruali yake. Nimerekebisha. Sasa anaangalia suruali yake wakati wote.

Jumanne, 3 Juni

Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Majirani Wakatoliki wote wako misani. Mimi nilitarajia kioski kitakuwa kimya nifanye utafiti.

Akaja Pasta Yonatani kupiga picha ya kitambulisho. Suti nyeusi, tai, uso wa mahubiri. Nikabandua ile filamu, Madeleine akapiga. Picha ikatoka safi kabisa, isipokuwa suti ilikuwa ya zambarau. Zambarau ya askofu! Madeleine akapiga tena, zambarau ikazidi. Pasta akaipeleka picha mlangoni kwenye mwanga. Mwishoni akaomba nakala sita.

Alipoondoka Madeleine akaniuliza nani ameigusa kamera. Nikasema labda joto. Akauliza joto gani linafungua skrubu. Nikaona nimwambie ukweli wote, na nikaongeza ule wa Kakoba, ule wa kuwa fundi, na ule wa Pasta kuchukua nakala sita, kuonyesha kwamba uvumbuzi wangu tayari unaleta wateja.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema ananipa muda mpaka nitakaporudi kutoka Kakoba. Rwakabuba akikubali kofia, vema. Asipokubali, kamera irudi kuona rangi kama Mungu alivyozipaka, na mimi niende kwa baba yake, mzee Appolinaire, nikavune maharage na nilime naye mpaka mvua zijazo, na neno technicien lisisikike tena nyumbani kwake.

Nyumbani kwake! Nimekubali. Lazima kofia hii ifanye kazi.

Alhamisi, 5 Juni

Nina adui. Ni Thaddée.

Thaddée ni Mrundi, jirani yetu wa ng'ambo ya njia. Anacho chumba cha mchezo wa mpira, televisheni mbili, na sasa ameleta usukani wa kuendeshea magari ya kompyuta. Ameshausikia mpango wangu. Jana aliwaambia wateja wake kwamba mtu anayerusha ndege kwa kutikisa kichwa anafanana na mjusi wa ukutani. Leo nimepita njiani na watu wazima wananisalimia kwa kutikisa vichwa juu chini. Hata muuza mkaa.

Lakini hilo silo kubwa. Kubwa ni kwamba ananiharibia mitambo. Asubuhi ndege yangu inakwenda vizuri, mtu angelala. Mchana rubani anapagawa. Anatazama juu, anazunguka, shingo inapinda mpaka anaona mkia wa ndege yake mwenyewe. Nikatoka nje kumtafuta Thaddée na rimoti yake ya siri. Nikamkuta amelala chini ya televisheni, mdomo wazi. Ni mwigizaji mzuri.

Nimechunguza kisayansi. Nimeketi nimetulia kama picha, halafu nikaangalia kamera inaona nini. Iliona taa zangu tatu, pamoja na nyingine nyingi juu yake kama mji mzima. Nikainua macho. Mabati! Haya mabati tuliyanunua kwa Nabintu, jirani yetu, alipopata ndege ya kuhamia Amerika, nayo yalikuwa na matundu ya misumari ya paa la kwanza. Jua la mchana linapita pale. Kamera inadhani kila tundu ni kichwa changu.

Nimeyaziba kwa sabuni ya kufulia. Sabuni yote.

Jioni tena! Sasa rubani anatazama chini upande wa kulia, anainua kichwa, anashusha, anainua, anashusha, kwa mwendo wa polepole. Nje kwa Thaddée watu wanacheka. Nikavuka njia nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba mambo yake ya giza nimeyajua. Akanijibu kwa upole kwamba hajui ninasema nini ila kama nina homa mkewe Libérate ana dawa. Wakacheka zaidi. Nikarudi nimejaa hasira, nikamkuta Madeleine ameinama mlangoni nyuma ya kiti changu, anapepea sigiri kwa kipande cha boksi. Akipepea, mkaa unawaka. Akiacha, unafifia.

Nilisimama pale na kofia kichwani nikiangalia ule mkaa. Mkaa unatoa ule ule mwanga wa rimoti. Siku zote rubani wangu alikuwa anaangalia maharage!

Nimemwomba Madeleine mpaka Jumatano apike mbali kidogo. Akaniuliza mbali wapi. Nikasema kwa mfano kwa Libérate. Tumekula baridi, na kwa kweli yeye hakula nami.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kofia sasa inafanya kazi. Tatizo limebaki ni mimi.

Hakuna aliyeniambia kwamba kurusha ndege kwa kichwa kunahitaji shingo ya peke yake. Ukigeuza kichwa kushoto, macho lazima yabaki mbele kwenye skrini, la sivyo huoni kitu. Kichwa kule, macho huku. Nimefanya mazoezi mpaka mwili umezoea. Sasa mwili hauachi.

Kanisani Pasta Yonatani alikuwa akihubiri upande wangu wa kushoto. Mimi nilimgeuzia kichwa kwa heshima. Macho yakabaki mbele, na huko mbele ndiko ilikoketi kwaya, na mbele ya kwaya ni Chantal, yule anayeimba sauti ya juu. Ibada nzima! Sikujua. Nilikuwa nasikiliza neno la ndimi za moto na kuwaza kama nazo zingeisumbua kamera.

Baada ya ibada, mama yake Madeleine alinipa mkono huku anaangalia kwingine. Chantal amenikimbia. Madeleine ametembea mbele yangu njia nzima. Nimemweleza ni mambo ya ufundi, ni shingo, siyo moyo. Akaniambia nimweleze nikiwa namtazama usoni. Nikajaribu. Kichwa kikafika usoni kwake, macho yakabaki kwenye mti.

Jumanne, 10 Juni

Imefaulu! Leo nimepaa, nimezunguka, nimechungulia dirisha la kushoto nikaona ziwa, nimechungulia la kulia nikaona kiwanja, nimetua bila kuvunja chochote. Hakuna aliyeniona isipokuwa Thaddée, aliyekuja kuazima bisibisi. Alisimama nyuma yangu. Hakucheka. Aliuliza kama anaweza kuivaa kidogo. Nikamwambia kofia ya rubani haiazimwi. Aliondoka bila bisibisi. Ninajuta kidogo, lakini kidogo tu.

Madeleine amenipigia pasi shati.

Jumatano, 11 Juni

Naandika Mbarara, kwenye ngazi za duka lililofungwa.

Nilisafiri na kofia kichwani. Mfukoni ingesagika, kwenye begi ingelaliwa na mihogo ya watu. Kichwani iko salama, kichwa hiki nakijua. Nilifika Kakoba mapema, ukumbi umeshajaa vijana wa bodaboda wanasubiri zamu. Bwana Rwakabuba akanionyesha kompyuta. Nikaifunga kamera, nikaweka programu, nikajaribu pale pale mlangoni. Safi. Rubani akanifuata kama kivuli. Rwakabuba alikuwa kwenye simu, akanionyesha kwa kidole nisubiri.

Nikasubiri. Karibu yangu kijana mmoja alikuwa anagonga gonga pedi, ile ya kushika mkononi ya kuchezea, haikubali kwenda kushoto. Sikupenda kule kugonga. Nikaichukua, nikaifungua, nikakuta waya umetoka, nikaurudisha, nikampa. Akaendelea kucheza bila hata asante. Nikaona nyingine, nikaifanya pia. Mikono haina subira.

Rwakabuba akamaliza simu. Akasema, sawa, watu wote waje waone. Vijana wakakusanyika. Nikasimama. Nikarekebisha ukosi wa shati. Kwa mara ya kwanza tangu tutoke kwetu watu walikuwa wananisubiri mimi.

Ndipo nyuma ya watu sauti ikaniita. Siyo Nicodème, jina langu la kwenye karatasi. Iliniita Nico wa Redio.

Hakuna anayeniita hivyo hapa Uganda. Nikageuka, kichwa na macho pamoja. Junior! Junior wa avenue yetu kule Uvira, aliyekuwa akinishikia tochi nikichomelea. Tulitawanyika njiani tunakimbia. Baadaye watu walituambia ziwa lilimchukua. Tulimwombea. Madeleine alivaa nguo nyeusi. Na Junior huyo amesimama Kakoba, na kofia ya bodaboda mkononi, amenenepa.

Kwetu wanaume hawasalimiani kwa mkono tu kama watu wanaouziana nyanya. Mtu wako unampa kichwa. Unagonga upande wa kushoto, unagonga wa kulia, halafu paji kwa paji. Na kama ulidhani amekufa, unagonga kwa nguvu, kuhakikisha.

Kushoto. Nikasikia kitu kimelia krak. Kulia. Krak. Nilielewa. Naapa nilielewa, nilikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Lakini ningemwambia nini mtu aliyetoka ziwani? Ngoja kwanza, nivue kofia? Nikampa paji.

Tukalia, sisi wawili, katikati ya ukumbi. Vijana wakarudi nyuma kutupa nafasi. Halafu nikaketi kwenye kompyuta, nikawasha. Taa zote tatu zimekufa. Rubani akatazama suruali yake, akabaki hapo. Nikatikisa kichwa, nikainama, nikageuka. Nilisikia mtu mmoja nyuma akimuuliza mwenzake kama huo ndio mchezo.

Rwakabuba hakukasirika. Aliokota zile pedi mbili mezani, akazibonyeza. Akasema, "Ssebo, bwana wangu, hii kofia yako imekufa, wacha tuzike. Lakini hii pedi, nani ametengeneza? Ziko nyingi zimekufa kule nyuma. Wewe kuja Jumatatu, tengeneza, mimi nakupa kazi."

Nikamjibu kwamba mimi sikuja Mbarara kukaza skrubu za watu. Nilikuja na mambo ya kesho. Nikachukua kamera yangu nikatoka. Junior alikuwa na abiria, akaniachia namba yake akaenda. Sasa niko kwenye hizi ngazi. Naona maharage ya mzee Appolinaire mpaka kule upeo wa macho.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudi. Madeleine alikuwa kioskini. Nilimweleza yote bila kupamba, nikiangalia sakafu, macho na kichwa. Nilipofika kwa Junior akanikatiza. Akauliza kama ni yeye kweli, ana mke, anaishi wapi, anakula vizuri. Akampigia simu hapo hapo. Walizungumza mpaka salio likaisha, akacheka, akalia, akafunga kioski saa ya wateja wengi. Habari ya kofia aliiuliza mwisho kabisa, kama mtu anayeuliza mvua.

Nikasema imevunjika. Nikasema nimeikataa kazi ya pedi, kazi ya mtoto wa shule. Nikasema niko tayari, kesho naenda kwa baba yake, na lile neno silisemi tena.

Madeleine aliichukua kofia, akaigeuza geuza. Akasema, "Nicodème, redio ya baba yangu ilinyamaza miaka, wewe ukaifungua ikasema tena. Ni juu ya ile redio niliolewa na wewe. Sikuolewa juu ya kesho. Na kofia yenye haiwezi kusalimia batu, ya nini?"

Sikujua kwamba ni ile redio. Siku zote nilidhani ni shati langu jeupe.

Halafu akaniambia amekwisha kuzungumza na Rwakabuba, pale alipotoka kuongeza salio. Junior ndiye aliyempa namba, na habari ya pedi. Jumatatu naanza. Nimekirudisha kioo cha kamera. Kina Vaseline kidogo, kwa hiyo watu wanatoka wamelainika nyuso, na hakuna aliyelalamika. Pasta Yonatani alipita kuuliza kama bado tunapiga zambarau.

Nimeapa mbele ya Madeleine. Mambo ya uvumbuzi basi. Natengeneza kilichoharibika, nakirudisha kwa mwenyewe, nakwenda nyumbani. Nimeapa kwa moyo wote, na kwa macho yangu yote mawili usoni kwake.

Jumatatu, 16 Juni

Siku ya kwanza kazini. Asubuhi Madeleine alinisindikiza mpaka barabarani. Libérate wa Thaddée akapita akauliza naenda wapi nimevaa hivi. Madeleine akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye chumba cha mpira kwamba bwana yake ni technicien, anaitwa Mbarara. Nilitazama pembeni mpaka macho yakakauka. Nimemwahidi tena pale pale, kimoyomoyo.

Rwakabuba alinikabidhi katoni la pedi zilizokufa na funguo za ukumbi, akaenda zake nje ya mji kwa shughuli. Akasema akirudi jioni anataka kuona zimepona. Nikaanza kwa utulivu. Pedi ya kwanza nimeifungua, nimeitengeneza, nimeifunga. Inafanya kazi kabisa.

Ya pili nilipoifungua nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiangalia vizuri. Ndani ya kila pedi kuna mota mbili ndogo, ndizo zinazotetemesha mkono ukigongwa kwenye mchezo. Mota nzima! Pedi imekufa, mota ni hai. Nikazishika mkononi. Nikawaza, mkono ukitetemeka mtu anafurahi hivi, je, akitetemeka mwili mzima?

Nimezitoa zote katonini nikazifunga chini ya kiti kimoja. Kikatetemeka kidogo tu, kama mtu mwenye baridi. Hazikutosha. Kwa hiyo nimelazimika kuazima na za zile pedi nzima zilizokuwa mezani. Kuazima tu. Kila skrubu najua nimeiweka wapi, karibu zote.

Sasa kiti kiko tayari. Nimekiwasha mara moja, kimetembea chenyewe mpaka mlangoni. Vijana wa bodaboda wamejaa nje, wanagonga, wanauliza pedi ziko wapi, na Rwakabuba amepiga simu kwamba ameshafika njia panda. Kazi hii inanipenda, naona wazi. Madeleine sijamwambia. Nataka ashangae.